Shule Kwanza, Nyumba Baadaye

Maneno yaliyosemwa katika mkutano wa ukoo, siku ya pili, baada ya chakula cha mchana



Nimetakiwa nizungumze juu ya jambo ambalo katika ukoo wetu huamuliwa kwa simu moja ya usiku. Familia inahamia London kwa muda, miaka miwili au mitatu, kisha irudi ilikotoka. Wakae mtaa gani, na watoto wasome wapi?

Jambo hili kwetu si la nadharia. Mpwa wetu mmoja, ambaye simtaji kwa kuwa mambo yake hayajakamilika, amepata nafasi ya kusomea shahada ya uzamivu katika chuo kilichoko Bloomsbury, katikati ya London. Anatarajia kuja kutoka Dar es Salaam pamoja na mkewe na watoto watatu: wa miaka 14, wa miaka 10 na wa miaka 5. Tangu habari hiyo ienee, kila mmoja wetu amekwisha kumpa mtaa. Mmoja anasema Ilford, kwa kuwa shangazi yuko karibu. Mwingine anasema Harrow, kwa kuwa shule zake zina jina. Wa tatu anasema asikae London kabisa.

Sikusimama hapa kumwongezea mtaa wa nne. Nimesimama kusema kwamba tunatoa jibu kabla ya kuuliza swali. Kwa familia inayokuja kwa muda, nafasi ya shule hutafutwa kwanza, na nyumba huifuata shule. Na shule yenyewe hupimwa kwa mtoto alivyo na kwa mahali atakaporudi, wala haipimwi kwa sifa zake midomoni mwa watu.

Kabla ya shule kuna viza, nami nitaipita kwa maneno machache. Tangu Januari 2024, wanafunzi wa kigeni wanaokuja kusoma shahada ya pili ya kufundishwa darasani hawaruhusiwi tena kuja na wake, waume wala watoto. Ruhusa imebaki kwa shahada za utafiti, kama ya mpwa wetu, na kwa baadhi ya wanaofadhiliwa na serikali. Basi asije mtu akauza gari na kuwatoa watoto shuleni kwa kuwa jamaa yake wa mwaka 2019 alikuja na familia nzima. Sheria hizi hubadilika, na kila msafiri asome za mwaka wake.

UMRI WA MTOTO NDIO DIRA

Huku hakuna kumrudisha mtoto darasa moja nyuma kwa sababu hajui Kiingereza vizuri. Mtoto huwekwa kwa kawaida pamoja na wenzake wa umri wake, na kipimo ni umri aliokuwa nao tarehe 31 Agosti. Tuwatazame basi watoto watatu wa mpwa wetu, wakichukuliwa kwa umri wao wa siku hiyo, maana kila mmoja ana shauri lake.

Mdogo, mwenye miaka 5, ataingia Mwaka wa 1. Huyu ndiye mwepesi. Atajifunza lugha uwanjani kabla baba yake hajamaliza kufungua masanduku. Kuna jambo moja tu la kujua juu yake: kwa mujibu wa sheria, madarasa ya wadogo, tangu lile la kuanzia linaloitwa Reception hadi Mwaka wa 2, hayazidi watoto 30 kwa mwalimu mmoja, ila kwa sababu chache maalumu. Darasa likiwa na watoto 30, machozi ya mzazi hayaliongezi kiti.

Wa kati, mwenye miaka 10, ataingia Mwaka wa 6, ambao ni wa mwisho katika shule ya msingi. Hapa ndipo wengi wanapoghafilika. Mtoto anayefika Septemba na kuingia Mwaka wa 6 ana wiki nane tu za kuombewa shule ya sekondari ya mwaka unaofuata, kwa sababu mwisho wa maombi ni tarehe 31 Oktoba. Katika London mzazi anaweza kutaja shule hadi sita kwa mpangilio wa kupenda kwake, na majibu hutoka tarehe 1 Machi. Anayechelewa hutazamwa baada ya waliowahi. Mama ambaye bado hajajua basi gani linakwenda wapi atatakiwa aamue mwanawe atasoma wapi mpaka umri wa miaka 16.

Mkubwa, mwenye miaka 14, ataingia Mwaka wa 10, na yeye ndiye mzigo mzito. Mwaka wa 10 na wa 11 ni safari moja, na mwisho wake ni mtihani wa GCSE, unaofanywa Mei na Juni za mwaka wa pili. Shule hazifuati bodi moja ya mitihani wala hazifundishi masomo yale yale ya hiari. Kijana akianza Septemba ya Mwaka wa 10 ana nafasi ya kwenda sambamba na wenzake. Akija katikati ya Mwaka wa 11, atakuta wenzake wamekwisha kusoma sehemu kubwa ya vitabu. Kwa hiyo, mwenye mtoto wa umri huu na mwenye uhuru wa kuchagua mwezi wa safari, na aje kabla ya Septemba ya Mwaka wa 10, kisha asihame mtaa mpaka mtihani umalizike.

Hapo tunapata kanuni ya kwanza. Msitafute shule kwa ajili ya watoto wote kwa mkupuo. Anzeni na yule ambaye nafasi yake ni adimu na kumhamisha ni hasara. Katika familia hii ni mkubwa. Shule ya mkubwa ikipatikana, ichorwe duara kuizunguka, na shule ya msingi ya wadogo wawili itafutwe ndani ya duara hilo.

NAFASI HUPATIKANAJE

London imegawika katika wilaya 32 pamoja na City of London, na kila mamlaka ina utaratibu wake wa shule. Shule za serikali hazina karo. Shule ikiwa na waombaji wengi kuliko viti, hufuata orodha ya vipaumbele iliyotangazwa. Watoto walio chini ya uangalizi wa serikali hutangulia. Kisha, kwa shule nyingi, huja wenye ndugu katika shule hiyo, wenye sababu maalumu za afya, na walio karibu kwa masafa. Baadhi ya shule za dini hutazama pia ibada ya familia. Mpaka wa wilaya peke yake si ukuta: tangu hukumu ya mahakama ya mwaka 1989 iliyohusu wilaya ya Greenwich, halmashauri haiwezi kumnyima mtoto kiti kwa sababu tu anakaa ng'ambo ya mpaka. Masafa ndiyo hutazamwa, na mara nyingi huhesabiwa kwa mita.

Anayekuja katikati ya mwaka, au anayeingia darasa lisilo la mwanzo wa shule, huomba kwa halmashauri au kwa shule yenyewe, kulingana na utaratibu wa mahali. Baada ya kuomba, jibu halipaswi kupita siku 15 za shule. Akikataliwa, ana haki ya kukata rufani, na anaweza kuomba aingizwe katika orodha ya kungojea, shule ikiwa nayo.

Mtauliza: mtu ataombaje bila ya anwani, na atapangaje nyumba bila ya kujua shule? Ni kweli kwamba kwa kawaida ombi huhitaji anwani ya kweli. Lakini kuuliza hakuhitaji anwani. Kanuni za uandikishaji zinaitaka halmashauri imweleze mzazi anayeuliza ni shule zipi katika eneo lake zenye viti vilivyobaki. Basi mpwa wetu aandike barua kwa halmashauri nne au tano akiwa bado Dar es Salaam, aulize jambo moja tu: Mwaka wa 10, nafasi ziko wapi? Kisha Mwaka wa 6, kisha Mwaka wa 1. Majibu yale yatakuwa ramani bora kuliko ramani zetu sote.

Ipo familia ya ukoo huu, na wamenipa ruhusa nieleze bila ya kuwataja, iliyofanya kinyume. Walipenda nyumba, wakalipa, wakahamia. Shule mbili za karibu zilikuwa zimejaa. Mtoto mmoja akapata kiti kusini mwa nyumba, mwingine kaskazini, na kengele za shule zote mbili zikawa zinalia saa ile ile. Mama alikuwa akiondoka nyumbani gizani na kumfikisha wa pili amechelewa kila siku, mpaka shule ikaanza kuandika barua. Nyumba ilikuwa nzuri. Hawakukaa ndani yake.

ANWANI YA SHANGAZI

Sasa nitasema neno ambalo huenda likawachoma baadhi yetu. Ukarimu wetu una mazoea ya kusema, "Tumia anwani yangu." Shangazi anakaa karibu na shule yenye sifa, mtoto anakaa kwingine, na fomu inajazwa kwa anwani ya shangazi. Huo si ukarimu. Shule ikigundua kwamba nafasi ilipatikana kwa maelezo ya uongo, inaweza kuiondoa, na zipo halmashauri zinazochunguza kodi za nyumba na kumbukumbu nyingine ili kuhakikisha. Atakayetolewa mbele ya wenzake si shangazi, ni mtoto. Na kwa familia inayokaa kwa viza, karatasi ya uongo katika ofisi ya serikali si jambo la kuchezea.

Kufikia kwa shangazi ni jambo jingine, na ni jema. Wiki mbili tatu za kupumzika, kuonyeshwa njia na kutafuta nyumba zina thamani kubwa. Lakini wahenga walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Na jembe la mgeni wa London ni kutoka kila asubuhi kwenda kutazama mitaa. Watu tisa katika nyumba ya vyumba viwili kwa miezi sita huvunja undugu ambao bahari haikuuvunja.

LONDON YA JANA NA YA LEO

Wazee wetu waliokuja miaka ya 1970 na 1980 wanaijua London kuliko sisi, ila wanaijua London ya wakati wao. Wakati huo shule za katikati ya mji zilikuwa na sifa mbaya, na aliyeweza alikimbilia pembezoni. Mengi yamebadilika. Kuanzia mwaka 2003 hadi 2011 serikali iliendesha mpango mkubwa wa kuziinua shule za London, na leo wanafunzi wa London, wakiwemo wa mitaa maskini, hufanya mitihani yao vizuri kuliko wastani wa Uingereza.

Badiliko la pili ni idadi ya watoto. Kodi za nyumba zimewasukuma wazazi nje, na uzazi umepungua. Katika miaka ya baada ya 2020, wilaya za ndani kama Hackney, Camden na Lambeth zimefunga au kuunganisha shule za msingi kwa kukosa watoto wa kutosha. Shule za msingi ambazo zamani zilikuwa na foleni, baadhi yao leo zinatafuta wanafunzi. Kwa hiyo tusimtishe mpwa wetu kwa hofu za mwaka 1985, wala tusimpeleke maili kumi nje ya mji kutafuta kiti ambacho pengine kipo hatua chache kutoka chuoni kwake. Jambo la kuuliza ni moja zaidi: je, shule hii ina mpango wa kufungwa au kuunganishwa? Anayekuja kwa miaka mitatu anahitaji shule itakayokuwepo miaka mitatu.

Kuhusu sifa, nyumba njema si mlango. Wakaguzi wa serikali, Ofsted, waliacha Septemba 2024 kuzipa shule za serikali hukumu ya jumla ya neno moja. Ni afadhali, kwani sasa mzazi hulazimika kuisoma ripoti yenyewe. Aisome, kisha aitembelee shule siku ya kazi. Aulize watoto wangapi wanaongea lugha nyingine nyumbani na wanasaidiwaje. Aulize mtoto mgeni hupokewaje wiki ya kwanza. Atazame watoto wakitoka saa tisa na nusu, wanavyosemezana na wanavyosemeshwa na walimu. Kwa mtoto wa kupita, shule iliyozoea wageni ni bora kuliko shule yenye jina ambayo haijui la kufanya naye.

Wenye kufikiria shule za kulipia wajue kwamba tangu tarehe 1 Januari 2025 karo zake hutozwa kodi ya ongezeko la thamani ya asilimia 20.

MTAA HUPIMWA KWA MIGUU

Baba atapima mtaa kwa treni. Kutoka Ilford, Forest Gate au Woolwich, reli ya Elizabeth iliyofunguliwa mwaka 2022 itamshusha Tottenham Court Road, mwendo mfupi kutoka Bloomsbury. Kutoka Walthamstow ipo reli ya Victoria, kutoka Harrow ipo Metropolitan, na kutoka Wood Green ipo Piccadilly inayosimama Russell Square. Zote zinafaa. Mwanafunzi wa utafiti anaweza hata kubaki nyumbani siku mbili kwa wiki.

Mama, au yeyote atakayewapeleka wadogo, hana siku ya kubaki nyumbani. Mwaka wa shule una siku 190. Kila siku huenda na kurudi asubuhi, huenda na kurudi alasiri: safari 760 kwa mwaka. Dakika kumi za ziada katika kila safari ni zaidi ya saa 126. Desemba jua huzama kabla ya saa kumi alasiri, na mvua ya hapa haina haraka. Basi shule ya wadogo iwe ya kutembea. Mkubwa anaweza kupanda basi. Watoto wa miaka 11 hadi 15 wenye kadi yao ya picha hawalipi nauli ya basi London, na walio chini ya miaka 11 hawalipi kabisa.

Baada ya hapo ndipo tuulize mengine yanayomfanya mtu akae kwa raha: maktaba, bustani, zahanati inayopokea wagonjwa wapya, na soko. Mihogo, ndizi mbichi, nazi na samaki hupatikana Queen's Market kule Green Street, Ridley Road kule Dalston, Brixton na Shepherd's Bush. Lakini soko huendewa mara moja kwa wiki. Tusichague mtaa kwa ajili ya nazi.

Nyumba nayo ina sheria zake. Amana ya nyumba haizidi kodi ya wiki tano kwa nyumba ambayo kodi yake ya mwaka haifikii pauni 50,000, na mwenye nyumba anatakiwa aiweke katika mfuko unaolindwa ndani ya siku 30. Sheria mpya ya upangaji ilipitishwa mwaka 2025, na mabadiliko yake makubwa yakapangiwa kuanza tarehe 1 Mei 2026: mpangaji kuweza kuondoka kwa taarifa ya miezi miwili, na mwenye nyumba kutodai kodi ya zaidi ya mwezi mmoja mbele. Dalali anayemwambia mgeni alipe miezi sita taslimu aombwe aonyeshe sheria inayomruhusu. Na yeyote kati yetu atakayeombwa kuwa mdhamini asome kabla ya kutia saini, kwa maana mdhamini hulipa mpangaji asipolipa.

MAREJEO NI NGAMANI

Mwenda tezi na omo, marejeo ni ngamani. Familia hii itarudi, na kila mtoto atarudi akiwa mtu mwingine. Mdogo atakuwa na miaka 8 au 9, anasoma Kiingereza kwa mtiririko na huenda hawezi kusoma ukurasa wa Kiswahili. Akirudi katika shule ya msingi ya serikali Tanzania, masomo yake yatakuwa kwa Kiswahili. Wa kati atarudi katika sekondari ambako Kiswahili ni somo la lazima. Mkubwa atarudi na vyeti vya GCSE, ambavyo Baraza la Mitihani la Tanzania litatakiwa kuvilinganisha kabla hajaendelea; basi aulize mapema, kabla ya kuchagua masomo ya hiari, ni masomo gani yatamhitajia Kidato cha Tano.

Shule za London haziwezi kuyafanya hayo kwa niaba yetu. Vitabu vya kiada vya Dar es Salaam viingizwe katika masanduku. Kila siku ukurasa mmoja usomwe kwa sauti, na kila wiki barua moja iandikwe kwa bibi, kwa mkono, na bibi ajibu. Mtoto asiyeweza kuzungumza na bibi yake alipoteza zaidi ya somo.

WAJIBU WETU

Ndugu Mwenyekiti, namalizia kwa ombi. Naomba kamati imteue mtu mmoja katika kila mji ambao ukoo una nyumba, awe mjuzi wa shule za hapo: tarehe za maombi, jina la ofisi ya kuandikia, wilaya zenye nafasi. Habari hizo zisahihishwe kila mwaka na zichapishwe katika kijitabu hiki. Anayekuja apewe habari hizo kwanza, maoni yetu baadaye.

Na mpwa wetu atakapopiga simu usiku, tusimwambie, "Njoo Ilford" au "Njoo Harrow." Tumuulize, "Mkubwa ataingia mwaka wa ngapi, na umekwisha kuandika kwa halmashauri?" Kisha mmoja wetu aliye na nafasi aende kwa miguu kutoka lango la shule mpaka mlango wa nyumba inayopangishwa, aitazame saa, amwambie ukweli. Huo ndio msaada alio nao aliyetangulia kwa anayefuata.